Mama Gundi na Sura Iliyofichwa

Wapendwa waombolezaji, dada yangu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimwita Mama Gundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama dobi. Mimi ninayesoma ni mdogo wake; tulinyonya ziwa moja. Juzi, kabla ratiba hii haijachapwa, katibu wa kanisa alinipigia simu. "Mama, ile habari ya kitabu tuiache," alisema. Sikuiacha. Imo, na nitaisoma.

Marehemu alisoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi 1965, akamaliza darasa la nane akiwa wa pili. Hakuendelea, kwa sababu mwezi ule ule wa majibu baba alianguka kutoka kwenye paa akavunjika nyonga. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akatoka kutafuta kazi.

Tarehe 3 Aprili 1967 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, upande wa kujalidi. Alikunja karatasi za Biblia na vitabu vya nyimbo, akazishona, akazipaka gundi. Msimamizi alimkuta akisoma kila karatasi. "Hapa unalipwa kukunja, hulipwi kusoma," akamwambia. Marehemu akamjibu, "Nisiposoma, Yohana atamtangulia Mathayo." Alidumu pale miaka thelathini na moja.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza taa za karakana, akazitengeneza mara nne katika juma moja. Walijaliwa binti wawili. Shemeji yangu alitutoka mwaka 2009.

Alipostaafu mwaka 1998, alifungua chumba cha kusomea nyuma ya kanisa hili. Humo aliandika habari za waumini wa kawaida: nani alifua vitambaa vya madhabahu, akina mama walijifunzaje kusoma huku wakichambua mchele. Siku moja, katika daftari la zamani la vikao, akakuta habari za mwaka 1934. Kipindupindu kiliingia, na wazee wa kanisa wakafunga milango ili wagonjwa wasikimbilie humu. Mfagizi wa kanisa, mwanamke mjane, akavunja kufuli kwa nyundo. Akawalaza watu kumi na mmoja kwenye mabenchi na kuwahudumia peke yake. Saba wakapona. Kikao kikamtenga mfagizi, na hakurudishwa kundini mpaka anakufa.

Kanisa lilipotimiza miaka mia moja, mwaka 2019, dada aliombwa aandike kitabu cha historia. Kikatoka bila sura aliyoandika juu ya mfagizi. Kibaya zaidi, kamati iliongeza sentensi yake: kwamba aliyefungua milango mwaka ule ni mchungaji. Dada alimfuata mwenyekiti wa kamati pale barazani, nami nikiwapo.

"Mama, historia ya kanisa ni ya kujenga," mwenyekiti akasema.

"Basi mngechapisha kalenda. Kalenda haimsingizii mtu wema."

Kitabu chenyewe kilijalidiwa ovyo, kikaanza kumwaga kurasa. Watu wakakirudisha kwa dada, fundi wao. Naye alimwuliza kila mmoja, "Kuna sura ilibaki nje. Nikutilie?" Karibu wote walikubali. Vitabu mia mbili na kumi na vinne vilipita mezani kwake.

Februari 2021 aliitwa kikaoni. Akanyang'anywa ufunguo wa chumba cha kusomea, akazuiliwa kushiriki Meza ya Bwana mpaka aombe radhi. "Niombe radhi kwa kusema nani alivunja kufuli?" aliniuliza tukirudi nyumbani. Hakuomba.

Mei 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mara tatu nilikwenda ofisini kuomba aletewe ushirika kitandani. Mara tatu nikajibiwa kwamba kikao hakijakaa. Kikao cha kuchagua rangi ya mapazia haya kilikaa. Tangazo lake nilisomewa nikiwa hapa hapa. Alifariki tarehe 19 Oktoba, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwangu, bila mkate wala kikombe. Nimeshauriwa nisiyaseme haya kwa hasira. Nayasema kwa hasira. Biblia nyingi mlizoshika asubuhi hii alizishona yeye, na mlimwacha afe akiwangoja.

Ameacha binti wawili, wajukuu watano na mimi mdogo wake. Pamoja nasi, kwenye benchi la familia, ameketi mjukuu wa yule mfagizi, mama wa miaka sabini, ambaye dada alimtafuta miaka miwili mpaka akampata. Bibi yake hakuruhusiwa kuletwa humu hata akiwa jenezani.

Mungu ampe dada yangu pumziko ambalo sisi, watu wa kanisa lake, tulimnyima.