Bi Usiguse na Jiwe Lisilooshwa

Ofisi aliyofanyia kazi dada yangu ilituomba tuwaonyeshe wasifu huu kabla haujachapwa. Tuliwaonyesha. Wakaomba aya moja ifutwe. Haikufutwa, na nikiifikia nitaisoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1952, mtoto wa pili wa baba mwokaji mikate na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1959, akarudishwa nyumbani mara tatu kwa kubishana na mwalimu wa hesabu. Mara mbili alikuwa sahihi. Mwaka 1974 alipata stashahada ya ufundi wa maabara, na Januari iliyofuata akaajiriwa kutunza sampuli za miamba. Kwa sababu ya kadi alizobandika kwenye kila kabati, wenzake walimwita Bi Usiguse.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuja kutengeneza mizani ya maabara. Alimwonya mapema: "Nikiwa na sampuli mezani, mimi sipiki." Shemeji akajibu, "Basi tutakula ninachokijua." Kwa miaka arobaini na saba wamekula mayai.

Tarehe 3 Juni 1983 kimondo kilitoboa paa la kiwanda cha mbao. Jiwe la nusu kilo, jeusi kama mkaa, likaletwa maabara ndani ya mfuko wa misumari. Bosi akaamuru lioshwe na kupakwa vanishi, maana wageni wakubwa walikuwa njiani. Jioni dada alimweleza baba: "Dunia ni mkate ulioiva, unga wake huuoni tena. Jiwe hili ni unga uliobaki kwenye gunia. Ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wake ni ule ule wa Jua."

"Na unga ukilowa?" baba akauliza.

"Umeharibika."

"Sasa unaniuliza nini? Kalifungie."

Akalifungia. Aya wasiyoitaka ndiyo hii: kwa kukataa kuosha jiwe, alihamishiwa stoo ya karatasi miaka kumi na mmoja, na jiwe likatupwa huko huko. Walidhani wanamkomoa, kumbe wamempa mlinzi na mali yake chumba kimoja. Shemeji akachonga mfuniko wa chupa usiopitisha hewa. Mwaka 1994 watafiti walipolipima walikuta chembe nyeupe za miaka zaidi ya bilioni nne na nusu, kongwe kuliko Dunia yenyewe. Walikuta pia chumvi laini iliyoachwa na maji ya kale, Dunia ikiwa bado haijakamilika. Kuoshwa mara moja tu kungeiondoa chumvi ile. Ripoti ikasema jiwe "lilihifadhiwa vizuri na taasisi." Hapana. Lilihifadhiwa na mwanamke mmoja mbishi.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2023. Daktari alipoanza kumbembeleza, alimkatiza: "Nipe namba, daktari. Maneno matamu mpe mume wangu." Desemba iliyopita, akiwa kitandani, alisikia kwamba jiwe litasafishwa na kung'arishwa ili liwekwe kwenye ukumbi wa jengo jipya. Alimwandikia mkurugenzi barua. Alisema vipo vipimo ambavyo bado havijabuniwa, na watakaovibuni watauhitaji unga mkavu. Hakujibiwa. Alifariki Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Sitawadanganya kwamba aliondoka ameridhika. Aliondoka na hasira zake, nasi tumezirithi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, na mwanafunzi wake ambaye ndiye mwenye ufunguo wa kabati la jiwe na kesho asubuhi atakuwa kazini. Mkurugenzi yupo nasi, safu ya tatu, na tunamshukuru kwa kuja. Barua ambayo hakuijibu tumeichapa nyuma ya programu hii, ili kila mmoja wenu aende nayo nyumbani.

Dada yangu apumzike kwa amani. Jiwe lisioshwe.