Wakati wa Kuvua

Benchi letu liko barazani kwa Fundi, mkabala na geti la nyuma la hospitali, lile wanalotokea wafanyakazi. Mguu mmoja ulishakatika na umeshikiliwa na matofali, kwa hiyo anayekaa upande ule hujifunza kukaa kwa adabu. Wanachama wa kudumu si wengi. Kuna Redio, ambaye kazi yake ya zamani hakuna anayeikumbuka, ila ya sasa ni kusikia habari kabla ya watu wote na kuzisikia nusu. Kuna Spana, fundi magari, mwenye mikono isiyotakata hata uioshe kwa sabuni gani. Kuna Mama Birika anayetuuzia kahawa, na tangu ugonjwa uingie mjini anaosha vikombe kwa sabuni na maji ya moto huku akitutazama kana kwamba sisi ndio ugonjwa wenyewe. Mimi wananiita Jaji, kwa sababu nasikiliza kesi zote na sijawahi kutoa hukumu. Fundi mwenyewe haongei sana. Yuko kwenye cherehani, anashona magauni ya kinga ya manesi kwa plastiki nyepesi ya bluu, maana yale ya hospitali yameisha. Mkewe ni nesi wa wodi ya waliotengwa, na asubuhi hiyo aliingia zamu kama kawaida.

Redio alikuja mbiombio, kiredio chake kakibana kwapani.

Redio: Jamani, siri imefichuka. Wametangaza manesi wanaupataje huu ugonjwa.

Spana: Si wanaupata kwa wagonjwa?

Redio: Ndivyo unavyodhani wewe. Mtaalamu kasema, na nimemsikia kwa masikio yangu: wahudumu wa afya wengi wanaambukizwa wakati wa kuvua.

Spana: Kuvua nini?

Redio: Samaki, utavua nini tena? Betri zilikuwa zinakata roho, sikusikia bwawa gani.

Mama Birika: Nesi atatoa wapi muda wa kuvua? Yule nesi mpangaji wangu akirudi zamu analala na viatu.

Redio: Sasa ndiyo ujiulize. Kachoka vile katoka wapi?

Spana: Hapa petu mto wenyewe hakuna.

Redio: Kuna bwawa la kule machimbo ya kokoto.

Spana: Lile lina vyura tu.

Redio: Vyura kwa macho yako.

Hapo mtu mwenye akili zake timamu angenyamaza. Mimi nikauliza kama ni kwa ndoano au kwa wavu, kana kwamba jibu lingenisaidia kitu.

Spana: Ndoano, Jaji. Mimi chuma nakijua. Chuma cha baridi kinashika kila uchafu. Nesi anashika ndoano asubuhi, mkono una unyevu, kirusi kinapanda. Hapo hata mgonjwa hahitajiki.

Redio: Na ndiyo maana walituambia tukae majumbani. Ili bwawa libaki tupu, wakubwa wa hospitali wavue peke yao. Samaki wenyewe wanakula dawa zinazomwagwa kwenye mtaro, wananenepa.

Spana: Kumbe. Ndiyo maana dawa zinaisha haraka.

Redio: Umeona sasa? Vitu vinaungana.

Mama Birika aliweka birika chini.

Mama Birika: Yule daktari mrefu tuliyemzika juzijuzi. Alikuwa anakuja hapa kila siku, anakunywa kahawa kasimama ili asitukaribie. Yeye alivua lini?

 Yule daktari tulimpenda. Alikuwa akimtania Redio kwamba siku moja atampima masikio.

Redio: Labda alikula tu.

Alilisema kwa sauti ndogo. Spana akamgeukia Fundi, kwa vile shahidi wa nyumbani kwa nesi alikuwa palepale.

Spana: Fundi, shemeji anavua?

Fundi hakusimamisha cherehani.

Fundi: Mke wangu anaogopa hata samaki wa kwenye picha.

Redio: Labda anakuficha.

Fundi: Akirudi anaoga uani kabla hajagusa mlango. Watoto wanamwamkia dirishani. Mimi mwenyewe nalala sebuleni. Sasa huko bwawani ataenda na nani?

Kisha akasimamisha cherehani, jambo ambalo halifanyi akiwa katikati ya mshono.

Fundi: Mimi naogopa, jamani. Sisemi, lakini naogopa. Nimeziba kila tundu kwenye haya magauni, upepo haupiti, na bado kila wiki nasikia mwenzao mwingine kalazwa. Hicho kirusi kinapitia wapi?

Tukamsifia gauni. Lilistahili. Yale ya kwanza, kamba zilikuwa zinafunguka nesi akimwinamia mgonjwa, na mkewe alilalamika. Fundi akakaa akafikiri, akaweka kamba pana zote mgongoni, shingoni na kiunoni, na akawafundisha manesi fundo lake, lile ambalo ukilivuta linazidi kukaza. Tangu siku hiyo hakuna gauni lililofunguka. Mtaani tukaliita fundo la Fundi, naye alikuwa analionea fahari kimyakimya.

Spana alikuwa ndiyo anaonyesha fundo hilo kwa kamba ya kiatu chake geti la hospitali lilipofunguka. Alitoka nesi mmoja, rafiki wa mke wa Fundi. Tunamjua, hutembea naye kila siku. Safari hii alikuwa peke yake, kavaa nguo zake za nyumbani na barakoa. Alifika ukingoni mwa mtaro ulio mbele ya baraza, hakuvuka. Mama Birika akainua kikombe. Nesi akakataa kwa mkono.

Nesi: Msije. Tuongee hivihivi.

Fundi: Shemeji, mbona mapema?

Nesi: Nina joto. Wamenipima, wamenirudisha. Naenda kujifungia mpaka majibu yatoke.

Fundi: Pole sana, shemeji.

Redio: Pole, mwanangu. Ulienda lini bwawani?

Nesi: Bwawa gani?

Ikabidi tumweleze. Spana akaeleza ndoano, Redio akaeleza wakubwa, mimi nikajifanya natafuta sukari. Nesi alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa sote tukarudi nyuma kwa pamoja, benchi likayumba kwenye matofali yake. Aliona. 

Nesi: Kuvua nguo, baba. Kuvua gauni.

Redio: Aa.

Nesi: Ukiwa ndani umejifunika, una tahadhari. Hatari ni unapotoka. Umechoka, jasho linakuingia machoni, unatamani hewa. Na kila alichokukoholea mgonjwa kiko kifuani na kwenye glavu. Hapo ndipo unajivua. Mkono ukipotea njia ukafika usoni, basi.

Fundi: Lakini langu linavulika vizuri.

Nesi: Fundi, una chaki?

Fundi: Sikosi.

Nesi: Isage, mvalishe mtu gauni, mpake kifuani na viganjani; chaki ndiyo kirusi. Kisha ajivue mwenyewe.

Macho yote yakaenda kwa Spana, kwa kuwa mimi nina mgongo.

Spana: Mimi nivae gauni? Mteja wangu akipita?

Mama Birika: Atajua umepata kazi safi.

Fundi akamvalisha, akamvika glavu, akafunga shingoni, akafunga kiunoni, na mikono yake ilifunga vizuri kwa sababu haijui kufunga vibaya. Akampaka chaki kifuani na viganjani mpaka plastiki ya bluu ikawa nyeupe.

Nesi: Haya. Usiguse mbele. Usiguse uso. Vua.

Spana alianza kwa madaha. Akapeleka mkono nyuma ya shingo, akaipata kamba, akaivuta. Fundo likakaza. Akavuta tena. Akainamisha kichwa, akapinda kiwiko, akazunguka kama mbuzi aliyejifunga kwenye kigingi. Kamba ya kiunoni hakuifikia kabisa. Jasho likamtoka, akalipangusa kwa bega, na bega lilikwishashikwa na viganja vya chaki. Tukacheka mwanzoni. Redio akahesabu madoa kwa sauti: sikio, shingo, nywele, shavu. Lilipofika la mdomoni akaacha kuhesabu. Na Spana alikuwa bado yumo ndani ya gauni.

Fundi: Basi, Spana. Simama.

Alisema kwa upole, lakini uso wake ulikuwa umebadilika.

Fundi: Shemeji, nyie mnayavuaje?

Nesi: Tunavuana. Mmoja anasimama nyuma anakufungua, anakutazama mikono, anakwambia usijikune. Zamu zote mimi namfungua mkeo, mkeo ananifungua mimi. Lile fundo lina kazi yake, tunachukua muda. Lakini tukiwa wawili tunaliweza.

Fundi: Sasa leo?

Nesi alitazama geti alilotokea.

Nesi: Leo asubuhi nimemfunga mimi. Shingoni na kiunoni, mara mbili, kama ulivyotufundisha. Akaingia. Mimi kabla sijavaa langu nikasikia baridi, ndipo wakanipima.

Fundi: Na wengine?

Nesi: Upande ule tulikuwa tumebaki sisi wawili. Wengine ndio hao tunaowahudumia. Nimemwambia msimamizi, kasema atatafuta mtu. Wa kutoka wapi, hakusema.

Redio: Apigiwe simu, aambiwe asubiri.

Nesi: Wodini hakuna simu. Yake iko kabatini.

Barabara ilikuwa na watu wanapita na shughuli zao. Mama Birika alikuwa kashika kikombe kilichooshwa, anakiosha tena. Nesi akairekebisha barakoa yake, kisha akauliza kama mtu anayeuliza njia.

Nesi: Sasa shemeji, akitoka kule ndani, nani atamfungua?

Redio alitazama kiredio chake. Mimi nilitazama miguu yangu. Siku zote nikisema Jaji hatoi hukumu watu hucheka, na siku hiyo nilijionea aibu.

 Fundi alichukua mkasi mezani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akaruka mtaro na kwenda getini. Tulimwona akizungumza na mlinzi, mlinzi akitikisa kichwa, Fundi akizidi kuzungumza, akiuonyesha ule mkasi, kisha akiugeuza na kumkabidhi kwa upande wa mpini ili ufikishwe ndani, kamba zikatwe.

Nesi alikwisha kwenda zake. Kahawa ilipoa vikombeni na hakuna aliyedai nyingine. Spana alibaki amesimama barazani na gauni lake, mikono kaitenga mbali na mwili, chaki mdomoni, hajui ajifute kwa mkono upi.