Nadim Jiryis na Maneno ya Watu

Baba Paroko, wapendwa waombolezaji, na ninyi mliofunga maduka yenu leo kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, Hala, binti yake mkubwa, niwasomee maisha ya baba yetu, Nadim Jiryis Odeh.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Madaba, mtoto wa pili wa Mzee Jiryis, mchonga mawe, na Bi. Wadad, akimfuata kaka yake Ghalib, ambaye tuko naye hapa kanisani. Alisoma shule ya parokia hadi mwaka 1969, akaenda Amman kusomea lugha, na mwaka 1974 akaajiriwa na gazeti moja la huko awe mwandishi wake wa Madaba, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu.

Tarehe 14 Juni 1979 alifunga ndoa na mama yetu, Samira. Siku ya posa shangazi yake mama alitoka chumbani na vigelegele, akitangaza, "Amekubali kwa furaha!", naye baba, aliyekuwa amelisikia jibu lenyewe kupitia mlangoni, akamsahihisha mbele ya wazee, "Shangazi, amesema atafikiria," na mama husema hapo ndipo alipoacha kufikiria. Walijaliwa watoto wawili, mimi na Issa.

Mwezi Februari 1996, Bassam, mtoto wa baba mkubwa Ghalib, aligonga kwa lori na kumuua kijana Fahd, mtoto wa pekee wa mjane. Tarehe 3 Machi wazee wetu walikwenda kwa Mama Fahd kuomba msamaha, baba akiwa miongoni mwao, wakamiminiwa kahawa, wakaiacha mbele yao, maana katika shughuli kama ile mgeni haonji mpaka ombi lake likubaliwe, na akishaonja, jambo limekwisha. Mama Fahd akatoka mwenyewe, akasema, "Kunyweni, baba zangu, kahawa isipoe, kwangu hafukuzwi mtu na koo kavu. Ila damu ya mwanangu sijaisamehe, msije mkasema nimesamehe." Wazee wakanywa haraka haraka, na mpaka leo naona aibu kulisema hilo.

Nje, baba mkubwa alimshika baba mkono, kwa kuwa hakimu alikuwa akingoja kusikia neno la mama yule, na gazeti lingesomwa, akamwambia, "Andika alivyosema, kunyweni. Si amesema? Sikwambii udanganye."

"Amesema na mengine, kaka."

"Hayo mengine mwachie mwenyewe. Wewe ni ndugu yangu au kinasa sauti?"

Baba aliandika yote, Bassam akafungwa, na nyumbani kwetu tuliona baba alivyokonda. Mwaka uliofuata Mama Fahd alibisha hodi kwetu, akasema, "Sasa nimesamehe. Andika," naye akaandika, Bassam akatoka, lakini baba mkubwa hakukanyaga tena kwetu.

Marehemu alianza kuugua mapafu Novemba 2018, akalazwa Amman, na akafariki dunia asubuhi ya tarehe 21 Januari 2019. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa gazetini, majirani waliotupikia, na Mama Fahd, ambaye hajaondoka ubavuni mwa mama yetu tangu jana.

Limebaki moja. Wakubwa wangu, kwa nia njema kabisa, wameniomba nisome hapa kwamba maneno ya mwisho ya baba yalikuwa, "Nimemsamehe kaka yangu," na natamani sana angekuwa ameyasema, lakini nilikuwa nimemshika mkono na hakuyasema. Aliuliza, "Ghalib amefika?" Nikamjibu, "Bado, baba." Akasema, "Basi msifunge mlango." Baba mkubwa, hayo ndiyo aliyosema, na sikuongeza neno.

Pumzika kwa amani, baba.