Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Wapendwa waombolezaji, poleni kwa jua hili na kwa njia ndefu, familia inaomba msikilize kidogo habari za mwenzetu, Mwalimu Danieli Kasiani, nasi hatutawachosha, maana hapa kila mtu amekwishachoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1952 huko Mkunya, Newala, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, kisha sekondari hadi 1970, akahitimu ualimu 1972, na kuanzia Januari 1973 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifundisha Kiingereza katika shule za Masasi na Newala, akipanda na kushuka uwanda huu kwa baiskeli.

Mwaka 1976 padri mmoja mzee aliyekuwa akihama alimwachia kitabu cha Kiingereza cha enzi za Malkia Viktoria, chenye hadithi fupi kumi na mbili za mafumbo, nani kaua, nani kaiba, naye akawa akiwasomea watu kwa Kiswahili kila Jumamosi barazani, wenyewe wakikaanga na kubangua korosho. Hadithi ya kumi na mbili ilihusu mtumishi wa ndani aliyeshukiwa kuiba pete ya bibi yake, lakini kurasa zake za mwisho zililiwa na mchwa, hivyo kila mwaka wasikilizaji walibishana mpaka korosho zikaungua.

Mwaka 1978 binti Veridiana wa Chiungutwa, mtumishi wa ndani kwa mfanyabiashara mmoja mjini Masasi, alifukuzwa akidaiwa kuiba saa ya mkono, saa haikuonekana, na jina lake likachafuka mpaka Newala. Marehemu alipotaka kupeleka posa, wazee wake walimwambia, "Danieli, unatuletea mwizi?" naye akawajibu, "Kurasa za mwisho hamjazisoma," na tarehe 14 Julai 1979 wakafunga ndoa takatifu, Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Flora, na wajukuu tisa. Tuseme ukweli, wapo waliohesabu vijiko kila Mama Flora alipotoka shughulini, na wengine mmeketi hapa.

Oktoba 2022 kiharusi kilimwangusha, akalazwa hospitali ya Mkomaindo, akarudi nyumbani upande mmoja umepooza, na kwa karibu miaka mitatu Flora alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji, mpaka yeye mwenyewe akawa analala ameketi. Juni mwaka huu Flora alikipata kitabu kile kizima kwenye simu, akasoma kwamba mtumishi yule wa hadithini ndiye aliyeiba pete, na alipotaka kumsimulia baba yake, marehemu aliinua mkono wake mzima, akasema kwa taabu, "Acha, mwanangu, mwisho wake nilikwishauchagua siku nilipomwoa mama yako."

Alifariki tarehe 11 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 73. Leo, kabla jeneza halijafungwa, Mama aliuliza hadithi iliishaje, akaambiwa, akatikisa kichwa, akamwinamia mume aliyeishi naye miaka arobaini na sita bila kumuuliza hata mara moja habari ya saa, akamwambia, "Baba Flora, sikuichukua." Ametuagiza tuyasome hayo mbele yenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kuleta mihogo, na walimu wenzake mliokuja hata kwa miguu. Mwalimu, ulichoka, nasi tumechoka, pumzika kwa amani.