Mama Yatokanayo: Mpiga Chapa Aliyekwenda Kujionea

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao. Dada yake mkubwa alikuwa na miaka saba. Ndiye aliyetumwa maji ya moto, na ndiye anayeyakumbuka haya yote bila kuyasoma popote. Mtoto alikuja macho yamemtoka. Mkunga akasema, "Huyu hakuja kulala, kaja kukagua."

Na kweli. Akiwa na miaka sita alifumua kiatu cha mteja, kizima, soli huku na ngozi huku.

"Nani kakutuma?" baba akamuuliza.

"Hakuna. Nilitaka kuona ndani kuna nini."

"Umeona?"

"Kuna giza tu, baba."

Baba hakumchapa. Alimketisha kwenye kigoda, akamwambia maadamu ameona kinavyofumuka, sasa ataona kinavyoshonwa. Alikaa pale mpaka jua likatua, na alipofika miaka tisa alikuwa anabandika soli kama mtu mzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1956 hadi Novemba 1963, darasa la kwanza hadi la nane, na darasa la nane la enzi zile lilikuwa la nane kweli: ukiandika barua, inajibiwa. Mwalimu alipofundisha kwamba dunia ni mviringo, marehemu alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, umeiona wewe mwenyewe, au nawe umeambiwa?" Darasa zima likangoja fimbo. Mwalimu akacheka, akasema ameambiwa. Tangu siku hiyo marehemu alimheshimu mwalimu yule kuliko wote. Mwaka 1965 alijifunza kupiga chapa kwa miezi kumi, akashinda kwa maneno hamsini kwa dakika, na Jumatatu ya tarehe 3 Januari 1966 akaajiriwa na halmashauri ya mji wetu. Alikaa huko miaka thelathini na saba.

Kazi yake ilikuwa kuchapa kumbukumbu za vikao vya madiwani. Chumba chake kilikuwa kidogo, dirisha moja, meza moja, mashine nyeusi ya chapa iliyogonga kengele kila mwisho wa mstari, na kabati la bati. Humo ndimo yalimopita mambo ya familia zetu zote: bomba mtaa fulani, vyoo vya soko, siku za kliniki ya wajawazito, taa za njia. Wapiga chapa wengine huchapa wakasahau. Huyu alikuwa na ugonjwa wake. Akishachapa kwamba mtaa fulani umepata bomba, Jumamosi anavaa viatu anakwenda kulitazama. "Nimelichapa," alikuwa akisema, "sasa nataka kuliona."

Hivyo ndivyo alivyompata mume. Mwaka 1969 alikwenda kutazama bomba alilolichapa miezi mitano kabla, akakuta mtaro umechimbwa na kijana amekaa pembeni juu ya boksi la vifaa.

"Samahani kaka, bomba liko wapi?"

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyeliandika."

"Basi andika na koki, dada yangu. Mimi fundi nipo, bomba lipo chini, koki ndiyo haijaandikwa."

Koki ilifika baada ya wiki sita, na kila Jumamosi ya hizo wiki sita marehemu alikwenda kuona kama imefika. Nyumbani hatukuwa wajinga. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Julai 1971, na fundi bomba huyo amekuwa naye mpaka siku ya mwisho. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Wa kwanza, binti, alizaliwa Februari 1975. Likizo ya uzazi ilipokwisha, mama yetu, bibi wa mtoto, ndiye aliyekuwa akimlea mchana. Mwishoni mwa Agosti mama akateleza kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Dada yuko shambani, mume yuko mitaroni, majirani wana watoto wao. Marehemu akachukua boksi la karatasi, akatandika khanga mbili, akamlaza mtoto chini ya meza ya mashine. Mtoto alizoea kengele ile; ikinyamaza, ndipo analia.

Karani mkuu, aliyekuwa bosi wake, alivumilia wiki mbili. Wiki ya tatu akasimama mlangoni, miwani mkononi.

"Mama, hii ni ofisi."

"Najua, mzee."

"Mpaka mwisho wa mwezi. Ama mtoto, ama mashine. Nisingependa kupoteza mashine, na wewe usingependa kupoteza mtoto, kwa hiyo tunaelewana."

Hapo ndipo marehemu alipokumbuka jambo ambalo kwa mara ya kwanza hakuwa amekwenda kuliona, maana alikuwa ndiyo kwanza amerudi kazini, ana mtoto mchanga. Mwezi Juni madiwani walikuwa wameamua kituo cha kulelea watoto kifunguliwe karibu na soko ifikapo tarehe mosi Julai, ili akina mama wanaofanya kazi wawe na pa kuwaacha wadogo. Alikichapa yeye, nakala kumi na nne.

Alikwenda na mtoto mgongoni. Akakuta nyumba nzuri, imepakwa rangi ya maziwa, madirisha ya chini kimo cha mtoto, na kufuli mlangoni. Akachungulia. Ndani kulikuwa na viti vibovu vya ukumbi na magurudumu ya trekta.

Sasa wengine tungelia tukarudi. Yeye aliingiwa na hamu ya kujua. Imekuwaje nyumba ipo, watoto wapo, mama zao wapo, na mlango haufunguki? Alimwendea mtunza stoo. Huyu akasema hawezi kutoa viti bila barua ya afisa afya. Afisa afya akasema ataandika barua akipewa walezi wa kukabidhiwa nyumba. Karani wa ajira akasema ataajiri walezi nyumba ikishakuwa tupu.

"Na nani ataifanya iwe tupu?" marehemu akauliza.

"Mtunza stoo, nani mwingine?"

Kwa mchana mmoja aliizunguka halmashauri nzima akarudi alipoanzia, na wote watatu walikuwa waungwana, wote wamemkaribisha kiti, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake kwa nia njema kabisa.

Akafungua kabati la bati kutafuta rasimu ya Juni, ile iliyoandikwa kwa mkono na karani mkuu, aone ni nani hasa aliambiwa aanze. Jibu lilikuwepo. Rasimu ilikuwa na safu tatu: namba, uamuzi, na mtekelezaji, yaani ofisi iliyopewa kazi. Lakini kumbukumbu alizochapa zilikuwa na safu mbili tu. Mashine yake ilikuwa fupi. Karatasi ya safu tatu haikuingia. Wiki yake ya kwanza kazini, akiwa na miaka kumi na saba, alimuuliza karani mkuu afanyeje, naye akamjibu, "Hiyo ya mwisho iache. Wenyewe wanajua." Akaiacha. Miaka tisa.

Mtu aliyekwenda kila Jumamosi kutazama kwa nini mambo hayafiki, kumbe sababu mojawapo ilikuwa mezani kwake.

Jioni ile alimweleza dada yake. Dada, tuseme ukweli, alimpa ushauri wa woga. "Mdogo wangu, hilo kosa la karani mkuu. Nyamaza, alibebe mwenyewe."

"Vidole ni vya nani, dada?"

"Watakufukuza."

"Mwisho wa mwezi wananifukuza vilevile. Bora nifukuzwe mlango umefunguka, mtoto apate pa kukaa nikitafuta kazi nyingine."

Mumewe alikuwa ananawa matope. Akasema tu, "Mchuma janga hula na wa kwao. Sisi tupo, tutakula."

Kwa siku nane alikata karatasi vipande vyembamba, akavichapa, akavibandika kwa gundi pembeni mwa kila uamuzi wa miaka mitatu iliyopita uliohusu huduma za wananchi. Yalikuwa maamuzi themanini na manne.

Kikao kilikuwa Alhamisi, tarehe 25 Septemba 1975. Mpiga chapa hukaa karibu na mlango na hasemi. Ajenda ya pili huitwa Yatokanayo. Ndipo watu huulizana, yale tuliyoamua mara iliyopita yamefikia wapi? Mwenyekiti alikuwa na desturi ya kuiruka kama dimbwi.

"Yatokanayo. Hakuna? Hakuna. Tuendelee."

"Yapo, Mheshimiwa."

Wakageuka wote. "Nani huyo?"

"Mpiga chapa."

"Tangu lini mpiga chapa akaongea?"

Diwani wa sokoni, mwanamke pekee pale mezani na mshona nguo kwa kazi yake, akasema, "Mwenyekiti, mwache. Miaka tisa ametusikiliza sisi, na hajafa."

Marehemu akasimama. Alisema bila kumtaja karani mkuu kwamba kwa miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa akiiacha safu ya tatu, kwamba ni kosa lake na analijutia, na kwamba ameirudisha. Akazigawa zile karatasi. Ukumbi ukawa kama darasa la mtihani. Kila mtu alikuwa anatafuta ofisi ya mwenzake, akaangukia yake.

Mwenyekiti akapata moto. "Na hiki kituo cha watoto! Nyumba imekaa miezi mitatu imefungwa! Nani alipewa kazi hii? Asimame tumwone!"

Hakusimama mtu. Marehemu akasema taratibu, "Mheshimiwa, ukisimama wewe inatosha."

Waliokuwepo wanasema mwenyekiti alitazama karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaitazama tena. Kisha akacheka, na akishacheka mkubwa, wote huruhusiwa. Alipomaliza akauliza, "Ufunguo uko kwa nani?"

Kituo kilifunguliwa Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 1975, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, maana marehemu alikwenda kuwauliza akina mama wa sokoni wanaanza kazi saa ngapi badala ya kukisia. Watoto kumi na mmoja waliingia siku ile. Binti yake alikuwa wa saba kwenye rejista.

Hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo kwa kuzungumza kikaoni bila idhini, na kwa kuwa mpiga chapa alikuwa mmoja tu, aliichapa mwenyewe, nakala tatu, bila kosa hata moja. Karani mkuu alimnunia mpaka Desemba. Kisha siku moja akaingia amebeba kifuani mashine ndefu aliyoiomba idara nyingine, akaitua mezani, akaenda zake. Siku ya kumuaga karani mkuu alipostaafu, marehemu alimuuliza: mzee, ile kazi ya kituo ulisahau kumkumbusha mwenyekiti, au ulimwogopa? Akajibu, "Vyote viwili, binti yangu." Marehemu alilipenda jibu hilo maisha yake yote.

Tangu hapo mji ukamwita Mama Yatokanayo, na madiwani waliokuja baadaye walifundishwa jina hilo kabla ya kuonyeshwa choo kilipo. Alistaafu tarehe 31 Machi 2003. Hata baada ya hapo aliendelea na Jumamosi zake: zahanati mpya ina maji? Kivuko cha wanafunzi kimechorwa?

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Oktoba 2017. Aliwachosha madaktari kwa maswali. Alitaka kuonyeshwa picha ya moyo wake, na alipoonyeshwa akasema, "Kumbe unafanya kazi hivi muda wote na mimi sijawahi kuushukuru." Tarehe 2 Mei mwaka huu alizidiwa akalazwa hospitali ya mji. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2019, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono na dada yake amekaa miguuni. Neno lake la mwisho kwa muuguzi aliyekuwa anamchoma sindano lilikuwa, "Hii inafanya nini?" Muuguzi akamweleza vizuri, hatua kwa hatua, naye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada yake mkubwa na mdogo wao wa mwisho.

Juzi walezi wa kituo walikuja kuomba ruhusa wafunge leo ili wote wahudhurie maziko. Tumewashukuru sana, na tumewakatalia. Leo ni siku ya kazi, kuna akina mama mia na sita wamewaacha watoto wao pale tangu alfajiri. Walezi wamekuja kwa zamu. Waliopo hapa tunawaomba wakishaweka udongo warudi, ili na wenzao wawahi kumuaga.

Mwenyezi Mungu amlaze pema, na amwonyeshe yote aliyokuwa bado anataka kuyaona.