Harara Iliyofuata Mshono

Muuguzi alikuwa amestaafu, lakini masikio yake bado yalikuwa kazini. Kwenye kiti cha mbele yake basini, mama kijana alikuwa akimpaka mwanawe mafuta mazito kwenye vipele vya begani. "Ni surua," akamwambia mzee fundi cherehani aliyeketi pembeni. "Bibi yake kasema nizidi kumfunika."

Fundi hakumgusa mtoto. Aliinua kwa kidole ukingo wa sweta la sufu lisilo na mikono. "Ana homa? Anakohoa?"

"Hapana."

"Basi tazama, binti yangu. Vipele vimejaa ndani ya sweta, vikakoma kwenye mshono wa bega. Mkono ni safi. Surua haijui mshono. Hii ni harara, joto la sufu tu. Mfute hayo mafuta, mwogeshe, mvalishe pamba nyepesi. Homa ikija, kliniki."

Muuguzi akanyoosha shingo. Mpaka wa vipele ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa chaki. Miaka thelathini yeye alikuwa akiwavua watoto nguo kwanza, ndipo awatazame; mshono hakuwahi kuuangalia.

"Lakini sweta kalifuma huyo bibi yake, mama mkwe wangu."

"Hapo, binti yangu, sina sindano."

Basi likasimama. Kituoni bibi alikuwa akiwasubiri, kofia ya sufu mkononi.