Usingizi wa Hospitali

Basi la Ruangwa lilikwenda taratibu kwenye ukungu. Kwenye kiti cha mbele yangu Mama Goreti, mwanamke mnene sana, alimwambia mzee aliyeketi kando yake, "Kesho napasuliwa uvimbe wa kizazi. Kwa mwili huu, naweza nisiamke. Bora nirudi nyumbani Nambambo."

"Mimi nilipopasuliwa nilikuwa mnene kukuzidi," mzee alijibu. "Waliniinua kichwa kwa mito, nesi akasikiliza pumzi yangu mpaka nikaamka. Kesho yake wakanitembeza. Nililia kwa maumivu."

"Hilo ungelinyamazia, baba."

"Lakini usingizini niliota nakimbia kwenye mikorosho, mwepesi kabisa."

Mama Goreti alitazama ukungu. Mimi, nakiri, nilifumba macho nijione nikikimbia. Basi likasimama mbele ya hospitali. Mama Goreti hakuinuka; alimgeukia mzee.

"Ulikimbia mpaka wapi?" akauliza.